Alexander: jina la mkinga

Ukiuliza maana ya jina Alexander, majibu ya haraka huwa matatu: mfalme, shujaa, mshindi. Yote matatu yanatokana na sifa za mtu mmoja aliyelibeba, Aleksanda Mkuu wa Makedonia, wala hayamo ndani ya jina lenyewe. Jina ni la Kigiriki, limeungwa kwa maneno mawili yanayojulikana vizuri, na kila moja linaweza kupimwa peke yake. Ukishalipima unakutana na kitenzi ambacho Kiswahili kinacho kwa upana uleule: kukinga.

Umbo la asili ni Alexandros. Nusu ya kwanza ni kitenzi alexein, ya pili ni aner, yaani mwanamume mzima. Tuanze na ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo yenye utamu.

Mgiriki wa leo akitaka kutaja mwavuli wa mtu anayeruka kutoka kwenye ndege husema alexiptoto. Ptosi ni kuanguka, kwa hiyo chombo hicho ni "kinga-anguko". Fulana ya kuzuia risasi huitwa alexisfairo, na chuma kinachosimikwa juu ya paa ili kuipokea radi na kuishusha ardhini ni alexikeravno, kwa kuwa keravnos ni radi. Zamani za kale Herakles na Apollo waliitwa Alexikakos, wakinga maovu. Dawa ya kuzuia sumu iliitwa alexipharmakon, na mshairi Nikandros wa Kolofon, katika karne ya 2 KK, alitunga shairi refu lenye jina Alexipharmaka kuhusu sumu na namna ya kuzitibu. Kitenzi hiki basi hakijafa. Jina Alexander ni ndugu wa maneno yanayotumika mitaani Athens hadi leo.

Sasa tazama jambo moja katika mifano hiyo. Kila mara kinachofuata alexi- ni kile kibaya kinachozuiwa: anguko, risasi, radi, maovu, sumu. Kwa mizani hiyo Alexandros angekuwa "azuiaye wanaume", yaani anayewarudisha nyuma wanaume wa upande wa adui. Lakini kamusi nyingi za majina zinasema "mlinzi wa watu". Nani kasema kweli?

Hapa Kiswahili kinasaidia kuliko lugha nyingi. Tunasema mwavuli unakinga mvua, na tunasema pia mwavuli unamkinga mtu. Mvua inazuiwa, mtu anahifadhiwa, kitenzi ni kilekile. Kigiriki cha Homer, mshairi wa kale, kinafanya vivyo hivyo: alexein huchukua kile kinachozuiwa, na huchukua pia yule anayesaidiwa. Katika sentensi hakuna utata, kwa sababu mwisho wa nomino hubadilika kuonyesha ni yupi kati ya hao wawili. Ndani ya jina la kuungwa, miisho hiyo huanguka. Linabaki shina tupu, andr-, na shina tupu halisemi kama wanaume hao wanakingwa au wanazuiwa.

Kwa hiyo maana zote mbili ni halali, na sioni sababu ya kuchagua moja na kuitupa nyingine. Mtu hawezi kuwakinga wake bila kumzuia mwingine. Ukitaka neno moja la Kiswahili, "Mkinga" linatosha, tena linabeba pande zote mbili bila kulazimishwa. "Shujaa" ni sifa tu ya mtu, ilhali "mkinga" anataja kazi anayoifanya.

Kuna tahadhari mbili za kitaalamu. Kwanza, aner si "mtu" kwa ujumla. Mtu wa kawaida, mume au mke, Kigiriki humwita anthropos. Aner ni mwanamume aliyekomaa, mara nyingi mpiganaji. "Mlinzi wa watu" ni tafsiri ya upole. Iliyo karibu zaidi ni "mkinga wanaume". Pili, Wagiriki hawakuunda kila jina kama sentensi iliyofikiriwa. Walikuwa na akiba ya vipande, na familia ilichukua kipande cha jina la babu na kukiunga na kingine. Ndiyo maana kuna Lysandros, Nikandros, Menandros, Leandros na Kassandros kwa upande wa -andros, na upande mwingine Alexis, Alexias, Aleximakhos. Ukiliona jina kama kifungu cha maneno yanayoweza kupangwa upya, hutajiumiza kichwa kutafuta falsafa kwenye kila silabi.

Na ile d imetoka wapi? Aner haina d, lakini andros inayo. Jibu analo kila msemaji wa Kiswahili kinywani mwake. Sema "mti mrefu", kisha "nyumba ndefu". Sema "ulimi", kisha "ndimi". Kiambishi n kikikutana na r au l, ulimi unabana penye ufizi kabla ya kuachia, na katika kubana huko d inazaliwa. Kigiriki kilipitia njia hiyohiyo: anros ikawa andros. Tofauti ni kwamba wao waliihifadhi r baada ya d, sisi tukaimeza.

Kabla ya Mkuu

Wengi hudhani jina lilianza na Aleksanda Mkuu. Yeye alikuwa wa tatu kwa jina hilo katika kiti cha ufalme wa Makedonia. Aleksanda wa Kwanza alitawala katika karne ya 5 KK, na mwanahistoria Mgiriki Herodotus anamsimulia akienda kushindana Olympia, ambako alitakiwa kwanza athibitishe kuwa ni Mgiriki. Aleksanda wa Pili alikuwa kaka mkubwa wa mfalme Filipo, yaani baba mkubwa wa Mkuu. Na kwa upande wa mama, mjomba wake, ndugu wa mama huyo Olympias, aliitwa Aleksanda vilevile, mfalme wa Wamolosi huko Epirus. Mtoto aliyezaliwa Pella mwaka 356 KK alipewa jina lililokwisha kuzunguka pande zote mbili za ukoo.

Nyuma zaidi yupo Paris, mwana wa mfalme wa Troya, yule aliyemchukua Helen. Katika Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troya, anaitwa Alexandros mara nyingi kuliko anavyoitwa Paris. Masimulizi ya baadaye, yaliyohifadhiwa katika maandiko yaitwayo ya Apollodorus, yanaeleza kwamba mtoto huyo alitupwa mlimani, akalelewa na mchungaji, akakua akiwafukuza wezi na kuyalinda makundi ya mifugo, ndipo akapewa jina la Alexandros. Hadithi hiyo ilitungwa ili kulielezea jina, na inaonyesha Wagiriki wenyewe walilisikiaje: wezi wanazuiwa, mifugo inakingwa. Pande zote mbili tena.

Nje ya Kigiriki kuna ushahidi mzito. Karibu mwaka 1280 KK, Muwatalli wa Pili, mfalme wa Wahiti, taifa la kale lililokuwa katika Uturuki ya leo, aliandika mkataba na mtawala aitwaye Alaksandu wa Wilusa. Wataalamu wengi wanaiona Wilusa kuwa ndiyo Ilios, jina jingine la Troya, na wanaliona Alaksandu kuwa ni Alexandros lililoandikwa kwa masikio ya Kihiti. Hii haimaanishi kwamba Paris wa mashairi alikuwa mtu wa kweli. Ila jina na eneo vinakutana, zaidi ya miaka 900 kabla ya Mkuu kuzaliwa.

Yaliyofuata yanajulikana, kwa hiyo nayapita upesi: ufalme mwaka 336 KK akiwa na miaka 20, mji wa Aleksandria huko Misri mwaka 331 KK, kifo Babeli mwaka 323 KK kabla hajatimiza miaka 33. Baada ya hapo jina halikuwa tena mali ya ukoo mmoja. Likaenda kwa Wayahudi pia: Aleksanda Yanai alitawala Yudea kuanzia 103 hadi 76 KK, akafuatwa na mjane wake Salome Aleksandra hadi 67 KK. Kati ya Wayahudi wa Ulaya jina hilo lilifupika likawa Sender, na bado lipo.

Jinsi Alexander alivyokuwa Iskandar

Watu wawili wanaweza kubeba jina hili moja na wasijue kuwa ni wasomo, mmoja Alexander, mwingine Iskandar. Njia ya kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine ni fupi, nayo ina hatua mbili tu.

Hatua ya kwanza: sikio la Kiarabu lilisikia "al" mwanzoni na kuidhani ni ile al- ya kutambulisha nomino, kama katika al-Qahira. Likaikata. Hatua ya pili: sauti zilizobaki, ks, zikageuzwa nafasi zikawa sk, na irabu i ikawekwa mbele ili neno lisianze na konsonanti mbili. Matokeo ni al-Iskandar, na mji ukawa al-Iskandariya.

Wala tusiwaone Waarabu kuwa walikosea. Kiswahili kimewafanyia wao jambo lilelile. Neno kitabu tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako ki ni sehemu ya neno lenyewe, lenye mzizi k-t-b. Sisi tukaisikia kama ki- ya ngeli yetu, tukaikata, tukasema vitabu. Lugha hulipokea neno la kigeni kwa viungo vyake yenyewe, na hivyo ndivyo neno linavyopata makao.

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version amelikuta umbo hili mara nyingi pasipo kulitilia maanani. Simoni Mkirene, aliyebebeshwa msalaba, ni "baba yao Iskanda na Rufo" katika Marko 15:21. Mfua shaba aliyemtendea Paulo mabaya katika Timotheo wa pili ni Iskanda. Apolo ni mzalia wa Iskanderia. Tafsiri nyingine huandika Aleksanda. Ni jina lilelile: moja limepitia Kiarabu, jingine limetoka Kigiriki na Kilatini moja kwa moja.

Upande wa Kiislamu, jina hili linakutana na mjadala mrefu wa Dhul-Qarnayn, mwenye pembe mbili, anayetajwa katika Sura ya al-Kahf aya ya 83 hadi 98. Wafasiri wengi wa zamani walimtaja kuwa ni Iskandar. Wengine walikataa, kwa hoja kwamba Dhul-Qarnayn ni mja mcha Mungu na mfalme wa Makedonia aliabudu miungu mingi. Upo ushahidi wa sarafu unaoeleza kwa nini watu walimfikiria: Lysimachus, mmoja wa majemadari wake, alitoa sarafu za fedha zenye kichwa cha Aleksanda kikiwa na pembe ya kondoo dume iliyojikunja juu ya sikio, alama ya mungu Amoni, ambaye Aleksanda alikwenda kumwuliza huko Siwa mwaka 331 KK. Mzazi anayempa mwanawe jina Iskandar hahitaji kuumaliza mjadala huo. Qurani haimtaji Iskandar kwa jina, na jina lenyewe linasimama kwa maana yake.

Kutoka hapo lilisambaa mbali. Uajemi ni Sekandar au Eskandar, Uturuki İskender, Bara Hindi Sikandar, jina la sultani wa Delhi aliyetawala 1489 hadi 1517. Aceh, kwenye kisiwa cha Sumatra, ilitawaliwa na Iskandar Muda kuanzia 1607 hadi 1636. Ethiopia ilikuwa na mfalme Eskender mwishoni mwa karne ya 15. Na Gjergj Kastrioti wa Albania, aliyefariki 1468, anajulikana ulimwenguni kwa jina la Skanderbeg, yaani Iskender Bey, ambalo Waosmani ndio waliompa kabla hajawageukia na kuwapiga vita.

Maumbo ya Ulaya

Kwa upande wa Ulaya, karibu kila badiliko limetokea pale penye x, kwa sababu herufi hiyo ni sauti mbili, k na s, na si kila kinywa kinaipenda. Waitalia waliifanya k kuwa s: Alessandro. Wahispania zamani waliitamka x kama sh, kisha sauti hiyo ikateremka kooni, ikaandikwa kwa j: Alejandro. Wahungaria walikata mwanzo wote wakabaki na Sándor, ambalo s yake hutamkwa sh. Waskoti wa Kigaeli wana Alasdair, na ukoo wa McAllister maana yake ni wana wa Alasdair. Wafini husema Santeri. Waukraine huanza na O: Oleksandr.

Kifupi cha Kirusi huwashangaza wengi. Aleksandr anakuwaje Sasha? Aleksandr ilipewa mwisho wa mapenzi ikawa Aleksasha, kisha kichwa kikakatwa ikabaki Sasha. Kuna njia ndefu zaidi: Sashura, halafu Shura. Sasha na Shura hutumika kwa mwanamume na mwanamke sawasawa.

Kosa ninaloliona mno ni kuchanganya Alexander na Alexis. Alexis si kifupi cha Alexander. Ni jina kamili, la kale vilevile, lenye nusu ya kwanza pekee: kinga, msaada. Kutoka kwake kuna Alexios, jina la wafalme wa Byzantium, na Aleksei wa Kirusi. Mrusi aitwaye Aleksei kifupi chake ni Alyosha au Lyosha, kamwe si Sasha. Ukimwita Sasha utakuwa umemwita mtu mwingine.

Kulichagua na kuliandika

Amua umbo kamili kwanza, kifupi baadaye. Alexander lina herufi tisa na vifupi vyake viko vya kutosha, kutoka mbele (Alex, Alec, Alekos) na kutoka nyuma (Sander, Sandro, Sandy). Ukimwandikisha mtoto kama Alex, hilo ndilo jina lake kisheria asipolibadilisha rasmi; hawezi kujaza Alexander kwenye fomu kwa sababu tu ni zuri zaidi. Ukimwandikisha Alexander, Alex litabaki la kuitana. Tatizo linalotokea mara kwa mara ni cheti cha kuzaliwa kusema Alex na cheti cha shule kusema Alexander. Anayeoanisha kumbukumbu huona watu wawili, na marekebisho yake huhitaji viapo na muda.

Kwenye tahajia, chagua x au ks na usichanganye. Alexander ni sahihi, Aleksander ni sahihi, Aleksanda ni sahihi kwa Kiswahili. Alexsander inaandika s mara mbili, maana x imeshaibeba. Alexanda hupatikana, ila ni nusu ya huku na nusu ya kule: x ya kigeni na mwisho wa Kiswahili. Iskandar nalo lina ndugu wengi wa tahajia, Iskander, Eskandar, Sikandar. Shika moja, uandike hivyohivyo kwenye kila hati. Umbo lenye al- mbele, al-Iskandar, ni la kumtaja yule Mkuu. Mtoto huitwa Iskandar tu.

Mkazo pia una historia yake. Wagiriki hukazia silabi ya pili: a-LE-xandros. Walatini walikazia ile ya kabla ya mwisho, a-lex-AN-der, na kwa kuwa Kiswahili nacho hukazia hapohapo, Aleksanda linatamkika bila mtu kufundishwa.

Litamke pamoja na jina la baba kabla ya kuamua. Alexander na Andrea yana shina lilelile la andr-, kwa hiyo Alexander Andrea ni kusema "mwanamume" mara mbili. Si kosa, na ndugu wawili wakiitwa hivyo itapendeza, lakini ni vizuri mzazi ajue. Kwa wanaofuata siku za watakatifu, kanisa la Kigiriki huadhimisha jina hili tarehe 30 Agosti.

Na msichana je? Alexandra halimaanishi "mlinzi wa wanawake", ingawa wengi huandika hivyo. Andr- inabaki wanaume. Kilichobadilika ni mwisho tu, unaoonyesha kwamba mwenye kukinga ni mwanamke. Wala si jina lililotoholewa jana kutoka la kaka. Katika magofu ya Mykene, mji wa kale wa Ugiriki, kumepatikana bamba la udongo la karne ya 13 KK, lenye mwandiko wa Lineari B, uliotumika kuandika Kigiriki kabla ya alfabeti, ule ambao Michael Ventris aliufumbua mwaka 1952. Mwandiko huo una alama za silabi zilizo wazi, konsonanti na irabu, na hautofautishi l na r, kwa hiyo karani alilazimika kulipasua jina kama linavyopasuliwa na kinywa kisichopenda konsonanti zilizobanana. Bamba ni orodha ya wanawake na vitanda vyao. Mstari mmoja unasomeka ma-no a-re-ka-sa-da-ra-qe, na ile -qe ya mwisho ni "na": Mano na Aleksandra, vitanda 2.